Kung'aa si kubadilisha rangi

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa kikundi cha akiba cha wamama, Baraka. Komite imeomba yaandikwe kwa faida ya wale ambao hawakufika.

Wamama zangu, wadada zangu, na ninyi wapapa wawili muliokaa kule karibu na mlango,

Wengi wenu munanijua kwa habari ya kunawa mikono. Nikionekana njiani na ndoo, watoto wanaanza kuitana: "Mama Klori amefika!" Leo sikuja na klori. Nimekuja na kioo, burashi tatu, kitambaa cheupe, na hii poda ndogo inayong'aa, ile ambayo kule Tanzania tulizoea kuiita hailaita. Musicheke. Komite yenyewe ndiyo iliyonituma.

Mutakumbuka mkutano uliopita. Siku ile sanduku lilikuwa na maombi mawili ya mkopo. Ombi la kwanza lilitoka kwa wasichana wetu watatu wanaotaka kununua vifaa vya makiyaji ili wapambe maarusi. Ombi la pili lilitoka kwa mama mmoja wa kikundi anayetaka kuongeza bidhaa kwenye meza yake sokoni, na bidhaa yenyewe ni krimu za kumfanya mtu awe mweupe. Mmoja wetu akasema, "Yote ni urembo, sanduku litoe." Mwingine akasema, "Yote ni anasa, sanduku likatae, watu wana njaa." Kelele ikawa nyingi na hatukumaliza. Komite ikaniomba nije nieleze tofauti ya vitu hivi viwili, kwa sababu nilisomea mambo ya afya, na pia kwa sababu mimi mwenyewe nilipitia humo. Nitawaambia.

Neno langu ni moja. Hailaita inaonyesha rangi uliyo nayo. Mkorogo unakula rangi uliyo nayo. Basi si vitu vya kuwekwa kapu moja. Nitaanza na hailaita, halafu tutafika kwenye mkorogo, mwisho tutarudi kwenye sanduku letu.

Hailaita ni nini? Sehemu kubwa ya ile inayong'aa ndani yake ni unga wa jiwe linaloitwa mika. Wamama waliowahi kufika Misisi kuuza chakula machimboni wanaweza kuwa wameliona hata kama hawajui jina lake. Ni vile vipande vyembamba vinavyometameta kwenye mchanga, vinakudanganya kwamba umepata dhahabu, ukivishika vinabaki kwenye kidole kama magamba ya samaki. Mika inachimbwa katika nchi nyingi, na India na Madagaska ni kati ya zile zinazojulikana zaidi. Kiwandani wanaisaga mpaka iwe unga laini, halafu wanafunika kila kipande kwa ganda jembamba sana la madini mengine. Ganda likiwa la titani, unga unang'aa mweupe kama lulu. Likiwa la chuma, yaani ile rangi ya kutu tunayoiona kwenye mabati ya zamani, unga unang'aa kama dhahabu au shaba. Shikeni hilo, litatusaidia wakati wa kuchagua.

Unga huu unakaa juu ya ngozi, hauingii ndani kubadilisha kitu. Unarudisha mwanga tu, kama kioo kidogo. Jioni unanawa na sabuni na maji, unabaki na uso wako ule ule uliokupa mama yako. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Sasa namna ya kuchagua. Kosa ninaloliona kila msimu wa harusi ni hili: bibi arusi wetu, msichana mweusi mzuri, anapakwa hailaita nyeupe ya rangi ya fedha. Ndani ya nyumba, chini ya taa, anaonekana vizuri. Akitoka juani, mashavu yanakuwa ya kijivu, na katikati ya kijivu kuko mng'ao mweupe. Mtoto mmoja mtundu wa kwetu alisema, "Yaya anang'aa kama ndagala." Watu walicheka, lakini yule mtoto alisema kweli. Ndagala anapendeza kwenye beseni, si kwenye shavu la bibi arusi. Kosa halikuwa la rangi ya msichana. Kosa lilikuwa la poda: ile titani nyeupe ikikaa juu ya ngozi nyeusi inafanana na majivu.

Basi kumbukeni hivi. Kama ngozi yako ni nyeusi sana, tafuta rangi ya shaba, ile ya sufuria ya shaba iliyosuguliwa, au dhahabu iliyokolea. Kama ngozi yako ni ya kahawia, dhahabu itakufaa, na pia ile inayokaribia rangi ya papai lililoiva. Wenye ngozi nyeupe kidogo wanaweza kwenda kwenye dhahabu iliyofifia au ile yenye wekundu mdogo. Rangi ya fedha na ile ya lulu nyeupe, wengi wetu tuziache dukani.

Usimwamini muuzaji anayekupakaa mgongoni mwa mkono ndani ya butiki yenye giza. Mkono na uso si rangi moja, hasa sisi tunaolima. Omba akuwekee kidogo kwenye taya, chini ya sikio. Halafu toka nje, simama kwenye mwanga wa jua, mpe mwenzako akutazame. Geuza uso polepole. Ukiona mng'ao tu, bila kuona mahali poda ilipoanzia na ilipoishia, hiyo ni yako. Ukiona mstari au doa la majivu, irudishe. Muuzaji akikataa usitoke nje, nenda meza nyingine.

Angalia pia chembe zake. Unga mzuri ukiusugua kati ya vidole unateleza kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Ukisikia mchanga, uso utaonekana una mchanga. Na zile chembe kubwa za kumetameta, za kupambia kadi na maua ya karatasi, si za usoni hata kidogo. Zikiingia jichoni zinaweza kulikwaruza, na hakuna harusi inayostahili jicho la mtu.

Pindua kisanduku, usome. Mara nyingi utaona mchoro wa kikopo kilichofunguka kifuniko, na ndani yake namba na herufi, kwa mfano 12M. Maana yake: tangu siku uliyokifungua, kitumie miezi 12. Cha majimaji na cha krimu vinaharibika mapema kuliko cha unga. Kikinuka vibaya au kikitoa maji pembeni, kitupe. Kitu kisicho na maandishi yoyote, kilichopimwa kutoka kwenye kopo kubwa na kutiwa kwenye kikopo kidogo, musikinunue, hata kiwe rahisi namna gani.

Sasa tupakae. Naomba dada mmoja aje mbele. Aksanti, mdogo wangu, kaa hapa, geukia mlangoni. Wapapa, musogee kidogo, munatuzibia mwanga.

Kwanza tumenawa uso na sabuni laini, tumekausha, tumepakaa mafuta kidogo sana. Kidogo, maana hapa kwetu kandokando ya ziwa joto linaleta jasho, na uso ukiwa na mafuta mengi kila kitu kinateremka mpaka shingoni kabla padri hajamaliza kusoma. Mwenye kutumia fondoteni, ni huu wakati wa kuipaka. Iwe ya rangi ya shingo yake, isiwe nyeupe kuliko yeye. Nitalirudia hilo.

Kabla sijashika burashi, mutazameni. Mdogo wangu, geuza uso polepole kulia, sasa kushoto. Munaona mwanga wa mlango unapoangukia? Juu ya mfupa wa shavu. Kwenye mgongo wa pua. Chini ya upinde wa nyusi. Juu ya mdomo, pale katikati penye kabonde kadogo. Basi, hapo ndipo hailaita inapokwenda. Hatubuni mahali, tunafuata mwanga. Kila mtu ana uso wake, kwa hiyo usinakili picha ya mtu wa kwenye simu. Simama mlangoni na kioo chako, uso wako utakuonyesha.

Burashi iwe ndogo na laini. Kama hakuna burashi, kidole cha pete kinatosha, maana hakina nguvu nyingi. Gusa unga, kung'uta burashi pembeni mwa kisanduku, usipulize kwa mdomo, mate yanaingia humo. Anza juu ya mfupa wa shavu, chini ya pembe ya jicho, upandishe kuelekea kwenye paji, mara moja tu, kama unapangusa vumbi juu ya Biblia. Tazama. Ikipungua, ongeza. Kuongeza ni rahisi. Kupunguza ni mpaka unawe uso uanze upya, na gari la maarusi liko nje linapiga honi.

Kwenye pua, mstari mwembamba tu, usifike kwenye ncha kama mtu ana jasho la pua. Katikati ya paji la uso mimi siweki kabisa hapa Baraka; jasho litapang'arisha lenyewe. Kama mtu ana chunusi au kovu, usiweke juu yake. Hailaita inaita macho: ukiiweka juu ya chunusi, watu wataitazama chunusi.

Kuko sheria moja ya mpangilio ambayo inaharibu kazi za wengi. Krimu inapakwa kabla ya poda. Unga unapakwa juu ya poda. Ukipakaa krimu juu ya poda, vinashikana mabonge kama ugali uliokosa maji. Ukishajua hilo, mambo mengine ni mazoezi.

Kwa wamama wakubwa, musidhani nimewasahau. Unga wenye kung'aa ukiingia kwenye mikunjo ya pembeni mwa macho unaionyesha zaidi. Ninyi tumieni ya krimu, muiweke juu kidogo ya mikunjo, kwenye mfupa, muigongegonge kwa kidole mpaka ipotee. Na kama hakuna hela ya hailaita, chukua vaselini kidogo sana, uiguse juu ya mfupa wa shavu baada ya kila kitu. Bibi zetu walikuwa wanapakaa mafuta ya kokwa za ngazi na uso ukang'aa, wala hawakuwa na kisanduku chenye kioo.

Neno la picha. Simu na fotografu wanatumia flashi. Poda nyeupe ambayo macho hayaioni, flashi inaiona, na uso unatoka kwenye picha kama umemwagiwa unga wa ngano huku shingo na mikono vimebaki vyeusi. Kwa hiyo kabla bibi arusi hajatoka nyumbani, mupige picha moja kwa simu yenye flashi, muitazame. Ikiwa na kosa, kuko bado nafasi ya kurekebisha. Picha ya harusi inakaa ukutani miaka 30.

Na usafi, hapo nimerudi kwenye kazi yangu, munisamehe. Burashi moja ikipita kwenye nyuso sita siku ya Jumamosi, inabeba ugonjwa wa macho mekundu na vidonda vya mdomoni kutoka kwa huyu mpaka kwa yule. Muoshe burashi kwa sabuni na maji safi, muzilaze juu ya kitambaa zikauke, musizisimamishe zikiwa na maji, zitang'oka nywele. Kwa machoni na mdomoni tumieni pamba ya kutupa, kila mtu na yake. Aksanti, mdogo wangu, rudi ukae. Wamama, mutazameni anavyotembea sasa.

Munaona rangi yake imebadilika? Haijabadilika. Ni yeye yule. Lakini munamwona.

Sasa tuseme habari ya mkorogo, na hapa sitacheka.

Sisi tuliorudi tuna historia yetu. Kuanzia mwaka 2005 meli zilituvusha kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, na wengine wamekuja kwa njia zao mpaka leo. Mimi nilikulia Lugufu. Tuliporudi tulitegemea maneno ya kukaribishwa, na tuliyapata. Lakini pamoja nayo wasichana wengi walipata na neno lingine: "Mumerudi weusi hivi! Kule kambini mulikuwa munalala juani?" Mtu anasema kwa mzaha, anaendelea na safari yake. Msichana anabaki nalo. Anatazama kwenye kioo, anaona kambi usoni mwake. Anataka kuiosha.

Najua kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nilipofika Bukavu kusoma, mwenzangu mmoja alinionyesha tubu ndogo, akaniambia wiki tatu tu zinatosha. Na kweli, wiki tatu nilikuwa mweupe na laini, kila mtu ananisifu. Miezi michache baadaye ngozi ya mashavu ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Jua la saa nne asubuhi linachoma. Chunusi zikatoka ambazo sikuwa nazo hata nikiwa na miaka 15. Nikaacha kwa ghafla, uso ukavimba ukawa mwekundu na kuwasha usiku kucha, nikairudia ile tubu ili nipate usingizi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimefungwa. Nilikwenda hospitali, muganga akasoma ile tubu, akaniuliza kama nilijua ni dawa. Sikujua. Ilichukua muda mrefu kutoka humo, na alama nyingine ninazo bado.

Sitaki musikie ni hadithi ya mtu mmoja tu, kwa hiyo niwataje hao maadui watatu kwa majina, muyatafute kwenye maandishi ya chupa.

Wa kwanza ni clobetasol, kwa Kifaransa clobétasol. Ndiyo iliyonipata mimi. Ni dawa kali ya magonjwa ya ngozi, muganga anaiandika kwa siku chache na kwa mahali padogo. Ukiipakaa uso mzima kila siku, ngozi inakonda, mistari inatokea, vidonda vinachelewa kupona, na ukiacha kwa ghafla ngozi inalipuka.

Wa pili ni hydroquinone. Hiyo inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ukiitumia muda mrefu, hasa kwenye jua kama letu, inaweza kukuletea madoa meusi yanayokwenda kwenye bluu, mara nyingi hapo hapo juu ya mashavu na chini ya macho. Muliona wamama wenye uso mweupe na mashavu ya rangi ya wino? Kutoka kwa madoa hayo ni vigumu sana. Jumuiya ya Ulaya iliikataza katika vipodozi vya kufanya ngozi kuwa nyeupe tangu mwaka 2001. Jirani zetu Tanzania na Rwanda wamekataza krimu zenye kitu hicho.

Wa tatu ni zebaki, kwa Kifaransa mercure, ile ambayo katika machimbo mengi ya dhahabu duniani inatumiwa kukamata unga wa dhahabu. Ndani ya sabuni na krimu nyingine za kung'arisha ngozi imo. Inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inaharibu mafigo, inasumbua mishipa ya fahamu, na kwa mama mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Kwenye chupa inaweza kuandikwa mercury, mercure, au calomel. Na kuko alama nyingine ambayo Shirika la Afya Duniani limeitaja: ukiona maandishi yanasema usiiguse krimu hii ukiwa umevaa pete ya dhahabu au ya fedha, jiulize kwa nini. Kitu kinachoharibu pete, unakipaka kwenye uso? Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana mkataba unaoitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako watu wengi walipooza na kufa kwa sababu ya zebaki. Ndani ya mkataba huo vipodozi vyenye zebaki vimo kati ya vitu vya kuondolewa sokoni.

Mutaniuliza, kama vimekatazwa hivyo, mbona viko sokoni kwetu? Vinapita kwenye mitumbwi na malori kama bidhaa nyingine, na vingine vinachanganywa nyumbani, tubu hii na kopo lile, vinatiwa kwenye chupa isiyo na jina. Ndio maana unaitwa mkorogo. Hata aliyeukoroga hajui kilichomo.

Kama kuko mtu hapa anayeutumia, na sitaki kujua ni nani, namwomba mambo mawili. Asijifiche nyumbani, aende kwa muganga, na aende na chupa mkononi ili isomwe. Kama ni ya zebaki, aiache leo hii. Kama ni ile ya clobetasol na ameitumia muda mrefu, muganga atamwonyesha namna ya kutoka polepole. Na muendelee kumsalimia kama kawaida. Aibu ndiyo inayorudisha watu kwenye tubu.

Sasa tumefika kwenye sanduku.

Mama aliyeomba mkopo wa krimu yuko hapa, na tuliongea mimi na yeye nyumbani kwake kabla ya mkutano. Hakunificha kitu. Aliniambia, "Mwanangu, vitu hivyo vinatoka haraka kuliko chumvi. Minerval ya watoto wanne inatoka humo." Sikuwa na jibu jepesi. Anasema kweli: hela imo. Anayemhukumu na ajitolee kwanza kulipa hiyo minerval. Lakini nilimuuliza swali moja, na nawauliza ninyi wote. Hela ya sanduku ni ya nani? Ni yetu. Kila Alhamisi tunaweka. Tukiitoa ikanunue kitu kinachoharibu mafigo ya msichana wa avenyu yetu, siku akilazwa, tutafungua sanduku lile lile la msaada wa ugonjwa kumlipia kitanda. Tutakuwa tumelipa mara mbili, na faida yote haitatosha.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa komite ni haya, ninyi ndio mutakaoamua kwa kura, mimi sina kura hapa.

Moja: sanduku lisitoe mkopo wa krimu za kufanya mtu kuwa mweupe, na liandikwe katika kanuni zetu, ili lisiwe neno la kumlenga mama mmoja.

Mbili: wale wasichana watatu wapewe mkopo wao, lakini kwa masharti. Vifaa viwe vya rangi zetu, shaba na dhahabu, na fondoteni za watu weusi. Burashi zioshwe kila siku. Na wasimpake bibi arusi yeyote rangi nyeupe kuliko shingo yake, hata kama shangazi wa bwana arusi anaomba. Hilo nililisema nitalirudia. Tukimpaka msichana uso wa mtu mwingine siku ya harusi yake, tunamwambia mbele ya watu wote kwamba wa kwake haukufaa.

Tatu: mama wa meza asiachwe peke yake. Ana wateja, anajua bei, anajua wasafiri wa kuvuka ziwa. Wale wasichana hawana hayo. Kama atakubali kubadilisha bidhaa, awe ndiye anayewauzia poda, hailaita, vaselini na sabuni laini, na mkopo wake usikataliwe bali ugeuzwe. Hizo hazitatoka haraka kama krimu, simdanganyi. Ndio maana naomba apewe muda mrefu zaidi wa kurudisha.

Nimalize. Wakati wa kuchagua, tumesema kwamba hailaita nzuri ni ile ambayo huoni ilipoanzia wala ilipoishia. Wasichana wetu walizaliwa Nyarugusu, Lugufu, Fizi, Mboko, wengine njiani. Usoni mwao hakuna mahali kambi ilipoanzia wala ilipoishia, kuko uso wa mtoto wetu tu. Mtu akiwaambia wamerudi weusi, wajibu kwamba ndivyo walivyoondoka, na ndivyo bibi zao walivyokuwa hapa kabla ya vita.

Kioo na burashi hizi naziacha kwa sekretere mpaka Alhamisi. Anayetaka kujaribu, aje kukiwa na jua.